Mwalimu Si Betri

Jamaa zangu, sogeeni mnisikilize. Haya yalitokea mtaani kwetu, na hakuna kati yetu anayeweza kusema hayamhusu. Sitamtaja mtu kwa jina, maana mwenye kujijua atajijua mwenyewe, na aliyelala kaburini tumwache apumzike.

Palikuwa na fundi wa betri za magari. Karakana yake ilitazama barabara, chumba kimoja chenye mlango wa bati na rafu za mbao zilizoliwa na tindikali. Nyumba yake ilikuwa nyuma, unapita ua mdogo wa saruji ndipo uingie ndani. Sote tulimwita Fundi, hata mkewe. Mkewe alifundisha darasa la kwanza, na sote tulimwita Mwalimu, hata mumewe. Walikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na minne, tuliyempa jina la Chiriku kwa wingi wa maneno. Mtoto yule alikuwa akiamka anazungumza na kulala anazungumza.

Asubuhi zao zilikuwa za kutamanisha. Fundi aliamka mapema, akachemsha maji, akamletea Mwalimu kwenye beseni aloweke vidole, kwa sababu vidole vyake viliamka vimekaza na kuuma. Vikishalegea kidogo, Fundi alimfunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, na Mwalimu akimtania kwamba mwanamume mzima anafunga waya za malori halafu anahangaishwa na kifungo cha mwanamke. Chiriku alikuwa pembeni akipanga madaftari ya wanafunzi kwenye mfuko, mdomo haujafunga. Kisha Mwalimu alitoka na mwavuli wake mweusi, iwe mvua au jua.

Mwavuli ule ulikuwa agizo la daktari. Mwalimu aliugua lupasi. Kwa wasioujua, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ile inayotulinda na vijidudu, hugeuka ikaushambulia mwili wenyewe, kama mlinzi anayempiga rungu mwenye nyumba. Leo huingia kwenye viungo, kesho kwenye ngozi, na ukiachiwa huingia kwenye figo. Hauambukizi, wala si wa kutumiwa na jirani kwa uchawi. Daktari wake, mama mmoja wa maneno machache, alimweka kwenye dawa za kuituliza kinga hiyo na kumkataza jua kali, kwa kuwa jua huuchokoza. Figo zilikuwa zimeguswa mara moja, zikapona. Kila kliniki daktari alirudia maneno yale yale, kwamba wazilinde figo hizo, zikiondoka hazirudi.

Kwa dawa zile Mwalimu aliishi miaka sita akisimama ubaoni. Lakini zilimvimbisha uso ukawa mviringo, na watoto wa darasa la kwanza, ambao hawajafundishwa kuficha, wakamwita Mwalimu Mwezi. Shuleni alicheka nao. Nyumbani alikigeuza kioo cha chumbani kikatazama ukuta, na hakuna aliyethubutu kukigeuza tena.

Fundi aliliona lile la kioo, likamuuma sana. Yeye alikuwa mtu wa kutengeneza vitu, na kazi yake aliijua kweli. Mteja alipomletea betri na kujigamba kwamba mita inaonyesha imejaa, Fundi alicheka. Alikuwa na msemo wake ambao mtaa mzima tuliukariri: "Mita inakupa salamu tu. Hata mgonjwa wa kufa ukimwambia hujambo, atakujibu sijambo. Ukitaka kujua hali, ipe mzigo." Hapo aliunganisha betri na taa kubwa ya lori, na ile betri iliyojisifu ikafifia na kuzima mbele ya mwenyewe. Shikeni msemo huo, maana ndio uliokuja kumhukumu.

Siku moja walikwenda kliniki pamoja. Daktari aliwaambia kwamba amepima vitamini D ya Mwalimu, imesoma tisa, na inatakiwa walau thelathini. Mwili huitengeneza kwa jua, alisema, na anayekimbia jua huishiwa. Akaongeza kwamba wagonjwa wa aina hii wakipungukiwa nayo, mara nyingi ugonjwa wao huonekana mkali zaidi, ingawa wataalamu wenyewe bado wanabishana kipi kinaleta kipi. Aliandika kidonge kimoja kwa wiki, kwa wiki nane, kisha wapime tena. Dawa nyingine ziendelee vile vile, mwavuli uendelee vile vile.

Mwalimu aliyasikia yote hayo. Fundi alisikia tisa na thelathini. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mtu aliyetumia miaka ishirini akipokea vitu vilivyoishiwa na kuvirudisha vimejaa, ukimwambia mkewe amepungukiwa, mlitaka asikie nini? Miaka sita alikuwa amekaa kando akitazama ugonjwa asioweza kuushika mahali popote, na leo umepewa namba. Alirudi nyumbani na furaha ya kweli, nisimsingizie. Aliingia karakana, akachukua chaki, akaandika ukutani juu ya chaja: 9.

Wiki nne za kwanza alifuata maagizo. Mwalimu akapata nafuu kidogo, misuli ikaacha kumuuma, akapanda ngazi za shule bila kushika ukuta. Fundi hakungoja kliniki. Alimpeleka kupima kwenye maabara ya mtu binafsi, namba ikasoma ishirini na nne, naye akaiandika chini ya ile ya kwanza. Kwake hesabu ilikuwa imekamilika, namba imepanda na mke amepata nafuu. Hakujiuliza zile dawa nyingine zilikuwa zikifanya kazi gani kimya kimya wakati huo wote.

Basi akaanza kumpa kidonge cha wiki kila siku. Duka la kwanza la dawa lilimwomba karatasi ya daktari. Akaenda la pili, ambalo halikuomba kitu.

Na sisi je? Tulikuwa wapi? Tulikuwa pale pale, kwenye simu zetu, tukimrushia ujumbe wa sauti kutoka kwa watu tusiowajua, kwamba dawa za hospitali zinaua polepole, kwamba jua ni hospitali ya bure, kwamba fulani wa mji fulani alitupa vidonge vyake vyote na sasa anacheza mpira. Tulipopita karakanani tuliiona namba mpya, sitini na saba, ukutani, tukampongeza. Tulimwita daktari wa mtaa. Mwenzetu alikuwa anateleza, na tulichofanya sisi ni kumwaga maji njiani.

Baada ya kidonge likaja jua. Fundi alitoa kiti uani, akakiweka kando ya betri zilizopangwa kwa ajili ya kuchajiwa, akamkalisha Mwalimu pale saa sita mchana. Alianza na dakika kumi, akafika nusu saa. Ule mwavuli aliukunja, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mwalimu alipinga siku ya kwanza. Siku ya pili alimwona mumewe amefuta kiti vizuri na kuweka mto, akashindwa kumkatalia.

Dada mkubwa wa Mwalimu, mshonaji wa mtaa wa pili, alikuja siku moja akamkuta mdogo wake amekaa juani na mashavu yameanza kuchanua upele. Aliuliza ni daktari gani aliyesema hivi. Alisema mengi, na kwa sauti ambayo sisi majirani tuliisikia vizuri. Fundi alimjibu kwa heshima ya baridi: "Shemeji, kila mtu na cherehani yake. Hapa ni kwangu." Yule mama akachukua mkoba wake akaondoka, na miezi miwili hakukanyaga tena pale.

Jioni hiyo Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari kwa shida, kalamu ikimponyoka. Akauliza bila kuinua macho.

"Fundi, mita yako ikionyesha betri imejaa, unamwambia mteja imepona?"

"Wewe si betri, Mwalimu."

"Ndiyo ninayokwambia mimi."

Fundi alijua jibu la swali lile. Alilijua kuliko mtu yeyote mjini. Alijua pia kwamba betri ukiizidishia chaji huchemka, ikaunguza sahani zake za madini kwa ndani, na ikishaungua hakuna fundi wa kuirudisha. Alikuwa akiwagombeza watu kwa kosa hilo tangu ujana wake. Lakini mapenzi yakichanganyika na kiburi humfunga mtu masikio. Alimshika bega mkewe, akamwambia avumilie kidogo tu, namba inakaribia mia.

Lililofuata wahusika wake ni wawili, na haki inanitaka niwataje wote. Fundi ndiye aliyetoa wazo la kuacha zile dawa za kutuliza kinga. Alisema ndizo zinazomvimbisha, na kwa kuwa sasa chanzo kimetibiwa, za nini tena? Daktari alikuwa amewaonya mara nyingi kwamba hazikatizwi bila yeye. Mwalimu alikumbuka, lakini akasema, "Nimechoka kuwa Mwezi." Wakapunguza nusu, wakapunguza robo, wakaacha. Tarehe ya kliniki ilipofika Fundi alisema hakuna haja ya kwenda kupanga foleni na wagonjwa.

Na hapa ndipo tuliponaswa sote. Wiki ya tatu baada ya kuziacha, uso wa Mwalimu ulipungua. Shingo ikaonekana, macho yakaonekana, ukawa uso wa yule msichana aliyeolewa zamani. Alikigeuza kioo mwenyewe. Chiriku alipiga kelele za furaha mpaka barabarani, walimu wenzake wakamshangilia, na Fundi alifunga karakana mapema akakaa tu kumtazama mkewe. Siku zile walikuwa na furaha, jamaa zangu, furaha ambayo hawakuwa nayo kwa miaka. Nikizikumbuka roho inaniuma.

Wiki ya tano Mwalimu alianza kuwa na kiu isiyokatika. Alikwenda haja ndogo kila mara, tumbo likafunga, chakula kikamchefua. Akiwa mbele ya darasa lake alisahau jina la mtoto aliyemfundisha mwaka mzima, akasimama na chaki mkononi mpaka watoto wakaanza kulia. Miguu ikavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Upele ukatanda puani na mashavuni. Chiriku alimwambia baba yake kwamba mkojo wa mama una povu kama maji ya sabuni, na kwamba ampigie simu daktari. Fundi alisema ndio ugonjwa unatoka, ukitoka lazima ufanye fujo. Akampeleka Mwalimu maabara badala ya hospitali. Namba ilisoma mia na hamsini na nane, akaiandika ukutani kwa tarakimu kubwa na kuizungushia duara.

Siku mbili baadaye Mwalimu alianguka uani, kati ya kiti na betri.

Hospitalini Fundi alifika na karatasi ya maabara mfukoni, imekunjwa vizuri. Bado alikuwa na tumaini nayo. Daktari alipotoka chumba cha wagonjwa, alimkabidhi kwa mikono miwili.

"Tazama, daktari. Kutoka tisa mpaka mia na hamsini na nane."

Daktari aliisoma, akaisoma tena. Akauliza kidonge cha wiki alimpa mara ngapi, Fundi akasema kila siku, miezi mitatu. Akauliza zile dawa nyingine, Fundi akasema hii ni wiki ya saba tangu waziache. Yule mama akakaa kwenye benchi la wagonjwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Baba, ugonjwa umeingia kwenye figo kwa sababu hakuna kilichouzuia," alisema. "Na hii vitamini imemjaza kalsiamu kwenye damu, ikazipiga figo zile zile kutoka upande wa pili. Kidonge kilikuwa cha kusaidia dawa. Hakikuwa cha kushika nafasi yake."

"Lakini namba imepanda."

"Imepanda, ndiyo. Na mgonjwa mwenyewe, umempima kwa kitu gani?"

Fundi alifungua mdomo kujibu, ule msemo wake ukamjia mpaka kwenye ulimi. Ukakwama hapo hapo, na tangu siku hiyo hajautamka tena.

Walimwekea mashine ya kusafisha damu. Walimrudishia dawa, kwa wingi na kwa haraka, lakini mwili uliokuwa umeachwa wazi hivyo ulikuwa umeshachakaa. Dada yake alikuja, akakaa upande mmoja wa kitanda na Fundi upande wa pili, hawakusemezana. Chiriku alisimama miguuni. Siku ya kumi akili ilimrudia Mwalimu kwa muda mfupi. Alimtazama mumewe akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ya asubuhi zao zote: "Fundi, vifungo. Nitachelewa." Shuka la hospitali halina vifungo. Fundi aliinama akapitisha vidole juu ya kitambaa, taratibu, kutoka kifuani mpaka shingoni, kana kwamba anafunga. Mwalimu alikufa siku iliyofuata saa nne asubuhi, watoto wa darasa la kwanza wakiwa kwenye mapumziko.

Tulizika. Tulilia kwa sauti kubwa, hasa sisi wa ujumbe wa sauti. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Fundi alirudi kazini baada ya arobaini, kwa kuwa mtu lazima ale. Zile namba hakuzifuta. Mteja alipomuuliza ni za nini, alisema ni za betri fulani iliyomshinda. Kwa binti yake alijitahidi kama anavyojua: alichemsha maji, alipanga madaftari, alinunua viatu vya shule. Lakini Chiriku alikuwa amenyamaza. Alijibu alichoulizwa, akasema ndiyo baba, hapana baba, akaingia chumbani. Tulidhani ni msiba, tukasema utapita.

Halafu, mwaka ulipokaribia kutimia, Fundi aligundua kwamba kila Jumatano ya mwisho wa mwezi binti yake harudi kutoka shule kwa wakati. Alimfuata mpaka kwa shemeji yake. Alibisha, na yule dada alipofungua hakumkaribisha, ila hakufunga mlango pia. Mezani, kando ya cherehani, palikuwa na beseni la maji ya moto, na ndani yake mikono ya Chiriku imelowekwa mpaka kwenye vifundo. Kando ya beseni palikuwa na kadi ya kliniki, ya rangi ile ile ya kadi ya Mwalimu.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza.

"Miezi mitano," shemeji yake alisema. "Daktari yule yule. Amewahi, dawa zinamkubali."

"Miezi mitano. Na mimi baba yake sikuambiwa?"

Yule mama alimtazama mtoto, kama anayeomba ruhusa. Chiriku hakutoa mikono majini. Alisema yeye mwenyewe, bila hasira, na hilo ndilo lililomvunja baba yake.

"Nilimwapisha mama mkubwa asikwambie. Niliogopa utanitengeneza."

Fundi alibaki mlangoni. Akauliza kama wanahitaji maji mengine ya moto. Akaambiwa yanatosha. Akageuka akarudi karakanani kwake peke yake, na tangu siku hiyo mpaka leo Chiriku analala kwa mama yake mkubwa.

FUNZO

Ndugu zangu, msikilaumu kidonge kwa kifo cha Mwalimu, wala jua. Vitamini ni kitu chema, na aliyepungukiwa apewe, kwa kipimo alichoandikiwa. Kilichomuua Mwalimu ni sisi kushika neno moja la daktari na kuyatupa mengine kumi, kwa kuwa lile moja lilifanana na tunayoyajua. Mkulima atasema mwili ni shamba, dereva atasema ni gari, fundi betri akasema ni betri. Mwili si kimoja kati ya hivyo. Kipimo kikisoma vizuri, mtazame mtu usoni, miguuni, mkojoni, kisha umrudishe kwa aliyempima. Dawa iliyoanzishwa na daktari, daktari ndiye wa kuiacha, hata kama inavimbisha uso. Uso uliovimba bado unaweza kusimama ubaoni na kufundisha.

Na wewe unayerusha ujumbe wa sauti usioujua ulikotoka, kabla hujabonyeza, kumbuka kuna nyumba mtaani kwetu ambamo baba anachemsha maji kila asubuhi, kwa mazoea tu, na hakuna wa kuyatumia.